Meno Yaliyokoza Hina

Kariakoo nzima, kuanzia Gerezani mpaka Jangwani, hakuna mwanamke anayeijua hina kama mimi. Maharusi niliowapamba ukiwapanga mstari, wa mwisho atakanyaga maji ya bahari. Haya, kabla hamjaniumbua: wapo wawili watatu wanaonishinda, mmoja nimemfundisha mwenyewe, na siku hizi maharusi hawaniiti kwa sababu mkono unatetemeka, nikichora ua linatoka buibui. Lakini kuchanganya, wenzangu! Kwenye kuchanganya nipisheni. Na hapo pia msinipishe sana, maana habari hii ni ya hina niliyoichanganya vizuri kupita kiasi.

Jina langu Sitara. Naishi Mtaa wa Sikukuu, kwenye nyumba ya zamani iliyobaki katikati ya maghorofa kama mtoto aliyesahauliwa sokoni. Mume wangu ni Bwana Abbasi, aliyekuwa fundi wa kanzu mpaka macho yalipomkataa. Tumeoana uzeeni, yeye mgane, mimi mjane. Watu walicheka. Wengine walisema tunaoana ili tupate wa kukumbushana dawa. Sikuwajibu, kwa sababu ilikuwa kweli kidogo.

Kilichonivuta kwake ni maneno. Mume wangu wa kwanza, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema lakini kimya kama godoro. Bwana Abbasi, tukishasali isha na kuzima taa, anaanza. Atanisimulia mteja aliyeshonewa kanzu akiwa mwembamba, akarudi kuichukua baada ya fungate ikamkwama shingoni. Atanisimulia tajiri aliyetaka mifuko ya siri ili mke asijue. Anabadilisha sauti, mara tajiri, mara mke, mpaka nacheka na kuuma shuka wapangaji wasisikie. Nililala nikicheka mimi, umri huu!

Sasa, Bwana Abbasi ana meno. Meupe, yamelingana, yamejipanga kama vigae vya bafuni kwa watu wenye nafasi. Wala hayakuwa yake. Sikuambiwa na mtu. Mke hajui kitu gani? Mhogo wa kuchoma hathubutu kuung'ata, anaukata vipande kwa kisu kama mzungu. Embe bichi anasema halipendi, na huku analiangalia kwa huzuni. Na akitafuna, ukitega sikio, unasikia ka, ka, ka, kama mtu mwenye ndala anayepanda ngazi.

Lakini hakuwahi kuniambia, nami sikuwahi kuuliza. Bafuni anajifungia. Kitandani analala nayo. Nilijua kwamba siku nitakayosema "nayajua meno yako" nitakuwa nimemvua nguo hadharani. Nikanyamaza. Mwanamke ukiolewa uzeeni unajifunza kutoona.

Basi, mwaka huu masika yalipoanza, Bwana Abbasi akaanza kuacha chakula. Kwanza pilipili. Nikasema sawa, tumbo. Halafu ndimu kwenye mchuzi. Halafu samaki, halafu wali wenyewe, akabaki na uji, tena upoe mpaka uote ngozi juu. Pembe za midomo zikapasuka, zikawa na kautando keupe. Na akinisogelea, nilisikia harufu ya nguo iliyoanikwa ndani wakati wa mvua.

"Bwana Abbasi, kinywa kinakuuma?"

"Kinywa? Hapana. Ni hamu tu sina."

"Hamu ya chakula?"

"Ya chakula, mke wangu. Nyingine zipo."

Hata akiumwa anatania. Lakini kanzu ilishaanza kumpwaya, na aliyeishona ni yeye mwenyewe, kwa hiyo alijua kuliko mimi.

Najma alipokuja ndipo moyo uliponishuka. Najma ni binti yake pekee, anakaa Upanga kwenye flati, anafanya kazi benki. Ni mtoto mzuri, na hilo ndilo lililonipa tabu, kwa sababu angekuwa mbaya ningegombana naye. Alimsalimia baba yake, akamshika mkono, akaona saa inazunguka kwenye kifundo kama bangili. Akanifuata jikoni.

"Mama, nisamehe. Simlaumu mtu."

"Sema, mwanangu."

"Baba anakwisha. Mimi nakuja tena Ijumaa ya wiki mbili zijazo, baada ya sala. Nikimkuta hivi, nitamchukua akakae kwangu. Kuna chumba, kuna dada wa kumwangalia, na hospitali kubwa unaitupia jiwe. Wewe pia utakuja kumwona wakati wowote."

Nitakuja kumwona! Mume wangu mwenyewe, nimwone kama mgonjwa wa wodini, kwa saa za kuona wagonjwa.

"Sawa, mwanangu," nikasema, nikageuza vitunguu ambavyo havikuhitaji kugeuzwa.

Angechukuliwa kwa wema, na mtu anayekuchukulia kitu kwa wema humwezi. Nikajua nina mpaka Ijumaa hiyo kuhakikisha mume wangu anakula.

Ukungu mimi naujua. Miaka yote ya kushinda na maji na majani mabichi ilinipa fangasi za vidole vya miguu, na kilichoniponya ni hina hiyohiyo. Ikiwa inaua ukungu mguuni, nikawaza, kwa nini isiue kwenye meno? Hata hivyo nilipita kwanza kwa Heriel, Mchaga mwenye duka la viungo pembeni yetu, si kwamba nilihitaji ushauri, ila napenda kuulizwa naulizia nini.

"Shikamoo, Mama Sitara."

"Marahaba, Heriel. Hivi, mtu akiwa na ukungu kwenye meno ya kuvaa, anaweka nini?"

"Mtu nani?"

"Mtu."

"Wa Sikukuu au wa mbali?"

"Heriel, unauza iliki au una gazeti?"

Akacheka mpaka akaweka kikokotoo chini. "Basi Mama, mama yangu yuko kwangu Kimara, naye ana meno ya kuvaa. Kila jioni anayatoa, anayasugua, anayalaza kwenye maji ya mwarobaini yaliyopoa. Majani machache tu, yachujwe. Lakini kwanza alienda kwa daktari."

Akanifungia majani kwenye gazeti. Nikapokea kwa adabu. Moyoni nikasema, mwarobaini! Uchungu ule, mtu auvae kinywani kutwa nzima? Si atadhani hata mimi nimekuwa mchungu? Nikayatia majani kwenye kabati, nikatoa hina yangu.

Kazi ilikuwa moja: kuyafikisha meno kwenye dawa bila mwenye meno kujua kuwa najua. Asubuhi nikachanganya, nikachuja, nikajaza bakuli la bati na kuliweka bafuni. Nikavaa baibui.

"Bwana Abbasi, bakuli lililoko bafuni ni dawa yangu ya vidole vya miguu. Usiliguse."

"Nitaligusa nina nini nalo?"

"Nakwambia tu. Ni dawa kali ya ukungu. Ukungu wa ngozi, wa kucha, wa kitu chochote kigumu ukikilaza humo. Maji yenyewe masafi, hata mguu sijatia. Usiliguse."

"Bi Sitara, nimesikia."

"Naenda Mchikichini kutafuta mashuka. Nitachelewa sana."

"Chelewa salama," akasema, na macho yalikuwa yameshaelekea bafuni.

Mchikichini nilitembea kama harusi ni ya kwangu. Vijana wanapiga makofi juu ya marundo ya mitumba, wanaimba bei, nami nikachagua foronya, nikarudisha, nikachagua nyingine, kuvuta muda ili meno yalale vizuri. Kijana mmoja akanipa foronya yenye maua. Nikaisogeza puani, maana mtumba lazima uunuse. Nikasikia ndimu.

Nikainusa tena. Haikuwa foronya. Ilikuwa vidole vyangu.

Ndimu? Nani alitia ndimu?

Nikasimama palepale, watu wananipita na mizigo kichwani. Mkono wa mpambaji, wenzangu, haufikirii. Mimi nilikusudia majani na maji tu. Lakini mkono ulikuwa peke yake jikoni asubuhi, akili iko Upanga, na mkono ukafanya kile unachokijua. Ukakamua ndimu. Ukamimina chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa nyeusi. Ukadondoshea mafuta ya mkaratusi. Vitu vyote ambavyo tunamtilia bibi harusi ili hina ikoze, ikae, isitoke hata akifua nguo za ukoo mzima.

Nilirudi Sikukuu mbio kwa kadiri magoti yalivyoniruhusu. Wapagazi wenyewe na mikokoteni yao walinipisha.

Bwana Abbasi alikuwa amekaa barazani, amevaa barakoa. Ile ya wakati wa korona, tulikuwa tumeihifadhi kwenye droo na mishumaa.

"Una nini?"

"Mafua," akasema ndani ya kitambaa.

"Yameanza saa ngapi?"

"Ulipoondoka tu."

Nikaenda bafuni. Bakuli lilikuwa limeoshwa, limefunikwa, liking'aa. Mwanamume ambaye hajawahi kuosha kijiko tangu tuoane alikuwa ameosha bakuli. Nikakaa kwenye kigoda, nikajua.

Hakuivua ile barakoa kutwa. Uji aliunywa amenigeuzia mgongo, kwa mrija. Kesho yake vilevile. Kulala, amelala nayo. Na hasemi. Habari za tajiri na mifuko ya siri zikakoma, nikabaki namsikiliza anavyopumua kwenye kitambaa. Nikimuuliza jambo ananijibu "mm". Nilijaribu kila njia. Mwisho, tukiwa uani nachambua mchele, nikamwigizia mpangaji wetu wa chumba cha mbele alivyoteleza bombani akiwa na taulo na simu, akaokoa simu. Bwana Abbasi alijizuia, mabega yakaruka, macho yakatoka machozi, na kamba ya barakoa, kwa vile ni ya zamani, ikakatika.

Nikaona.

Meno ya juu yote yalikuwa na rangi ya kiganja cha bibi harusi siku ya pili. Si vibaya kwa kazi yenyewe. Hina ilikuwa imekoza sawasawa, haina mabaka hata sehemu moja. Ningesifiwa.

Nikageuka haraka kwenye jiko. "Chungu kinaungua!" nikasema, na hakukuwa na chungu. Nilisimama pale nimeshika mfuniko, nusu nacheka, nusu nalia. Nyuma yangu nilisikia kiti kinasogezwa, na miguu yake inaingia ndani polepole, kama ya mtu aliyeaibika bila kukosa. Mkosaji nilikuwa mimi. Na Ijumaa ilikuwa inakuja, na kilichokuwa kimebaki cha kumwonyesha Najma ni baba mwembamba zaidi, bubu, mwenye kitambaa usoni.

Asubuhi nikafunga shavu kwa leso.

"Bwana Abbasi, jino linaniua. Nisindikize kwa daktari."

Akaniangalia kwa huruma, ameishikiza barakoa kwa uzi wa cherehani. "Jino gani, mke wangu?"

"La nyuma. Twende tu."

Alinishika mkono njia nzima, ananikinga na mikokoteni, mwenyewe hana nguvu ya kujikinga. Zahanati ya meno niliyoijua ilikuwa ghorofani, karibu na Mnazi Mmoja. Daktari alikuwa binti mdogo, mchangamfu, anaitwa Joyceline. Niliingia kwanza, nikafunga mlango, nikafungua leso.

"Shikamoo, Bibi. Linauma wapi?"

"Marahaba. Haliumi popote. Mgonjwa yuko nje."

Nikamweleza yote, la meno yasiyosemwa, la hina, la Ijumaa. Nilipofika kwenye chai ya rangi na ndimu akageukia dirishani, mgongo unamtikisika.

"Cheka tu, mwanangu, mimi nilishacheka."

"Nisamehe, Bibi. Hivi kweli umeyapaka hina?"

"Sikuyapaka. Niliyalaza."

Akajifuta macho. "Haya. Nitamwona. Lakini atakubali kuingia?"

"Nitamwambia umeniomba nipumzike kwenye benchi, na kwamba unapima kila msindikizaji. Hapa mjini mtu akiambiwa ni utaratibu, hakatai."

Hakukataa. Alikaa ndani muda mrefu. Mimi nje nilisoma bango la kupiga mswaki mpaka nikaliona linanisoma mimi. Alipotoka, hakuwa na barakoa, na meno yalikuwa karibu meupe, yamebaki na kivuli tu cha rangi ya kunde pembeni. Mfuko wa shati ulikuwa umetuna kwa kichupa cha dawa. Nikaangalia pembeni nisikione.

Daktari Joyceline akaja mpaka kwenye benchi, akaniangalia mimi usoni, uso mkavu.

"Bibi, kuhusu lile jino lako."

"Nakusikiliza, Daktari."

"Limeota ukungu kwa sababu halipumziki. Usiku linatakiwa kutoka kinywani."

Bwana Abbasi akakohoa.

"Litoke kabisa?" nikauliza.

"Kabisa. Ulisugue kwa mswaki laini na sabuni ya maji kidogo, ulisuuze, ulilaze kwenye maji masafi. Yasiwe ya moto, yatalipinda. Na kinywa chenyewe ukisafishe, fizi na kaakaa. Halafu kuna matone. Hayo ndiyo dawa, usiyaache hata ukijisikia umepona."

"Na majani, Daktari? Kuna jirani aliniambia mwarobaini."

"Maji ya mwarobaini yaliyochujwa na kupoa, ukipenda, si mabaya, ila ulisuuze kabla ya kulivaa. Yanasaidia kulinda, hayachukui nafasi ya matone wala ya mswaki. Karafuu ambayo wengi huikimbilia, acha ikae kwenye pilau. Na hina, Bibi," hapo mdomo ulimcheza, "hina iishie mikononi na miguuni."

"Umesikia, Bi Sitara?" akasema Bwana Abbasi, amenyoosha kidole kama mwalimu. "Usiku linatoka."

"Nimesikia, Bwana Abbasi. Nitalitoa."

Tukashuka ngazi, kila mtu na siri yake ambayo mwenzake anayo pia.

Tangu siku hiyo tukawa na mwendo mpya. Jioni nachemsha majani ya Heriel, nayapooza, nayachuja kwenye kitambaa cha nazi, namimina kwenye kikombe cha chai naacha bafuni. Nasema, "Maji ya jino langu hayo." Halafu naingia kitandani mapema, nageukia ukutani, nafumba macho kama mtoto anayehesabu kwenye kibe wenzake wajifiche. Nasikia bomba, nasikia mswaki unasugua kitu kisichokuwa kinywani. Halafu anakuja, anazima taa, analala amegeukia ukuta wa upande wake.

Na kimya.

Hilo sikulitegemea. Bila meno hakuthubutu kusema. Nikimwambia "lala salama" ananishika mkono tu, anaubana. Asubuhi akishayavaa anasema kama kawaida, lakini habari za asubuhi ni za bei ya maharage. Zile za gizani, za sauti tatu tatu, zilikuwa zimekwenda. Kinywa kilikuwa kinapona. Pembe za midomo zilifunga, harufu ikaisha, akaanza kuomba wali, halafu mchuzi, siku moja nikamkuta anapekua chungu akitafuta ukoko. Nilifurahi, sisemi uongo. Lakini nikishalala nilikuwa nauangalia ukuta nikiwaza: nimeponya kinywa, nimepoteza maneno. Na nikimwambia "sema, najua huna meno, sema tu", je, si ataona aibu akapanda bajaji yeye mwenyewe kwenda Upanga?

Ijumaa nikapika biriani. Si biriani ya kutania. Nyama ya mbuzi yenye mifupa, mtu akiila uone anaila. Najma akaja baada ya sala, kanzu ya baba yake bado ina joto la msikiti. Bajaji alikuwa ameiacha inasubiri pale mbele. Niliiona kupitia dirishani, dereva amekunja mguu, kiti cha nyuma kitupu kikiangalia mlango wangu.

Tukakaa mkekani. Najma alikuwa anamwangalia baba yake mkono, tonge kwa tonge. Bwana Abbasi alikula. Alikula nyama, akaongeza mchuzi, akagonga mfupa kwenye sahani, akaunyonya uboho mpaka ukalia. Ka, ka, ka. Sijawahi kusikia muziki kama ule.

Najma akaacha kula. Nikaona macho yamemlowa.

"Mama," akaniambia, "nilikuja na nia ya kumchukua. Nilishatandika na kitanda."

"Najua, mwanangu."

"Lakini si huko kula kulikonituliza. Ni alivyoniambia kwenye simu juzi. Nilikata simu nikalia kazini."

Bwana Abbasi akaacha mfupa.

"Alikwambia nini?" nikauliza.

"Kwamba unamtunza kinywa wewe mwenyewe. Kwamba kila jioni unamtoa meno kwa mkono wako, unayasugua, unayalaza kwenye maji ya mwarobaini, kwenye bakuli la bluu lenye mfuniko. Halafu mkizima taa anakusimulia habari za wateja wake, hana meno, maneno yanamteleza kama mtoto, wewe unamcheka na yeye anakucheka, mpaka usingizi unawachukua." Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Mimi nilimpeleka kuyatengeneza hayo meno, Mama, na mimi mwenyewe hajawahi kuniruhusu nimwone bila hayo. Nikasema, kama amekuruhusu wewe, basi nyumbani kwake ni hapa."

Nilimwangalia Bwana Abbasi. Alikuwa anaangalia biriani kana kwamba kuna mtu ameandika kitu kwenye wali.

"Si kweli, Mama?" Najma akauliza.

"Kweli," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Kila jioni."

"Anakucheka kweli?"

"Tunachekana, mwanangu. Wapangaji wanalalamika."

"Basi naomba nilione hilo bakuli. Mama mkwe wangu naye amevaa meno, nataka nimtafutie kama hilo."

Nikainuka. Nikaingia chumbani, nikafungua kabati, nikalifunga, nikasogeza ndoo, nikapekua chini ya kitanda ambako kuna viatu na vumbi. Nyumba hii haijawahi kuwa na bakuli la bluu, wala lenye mfuniko wala lisilo na mfuniko. Nikarudi mikono mitupu, nikasimama mlangoni.

"Limevunjika," nikasema.

Na Bwana Abbasi, wakati uleule, akasema, "Limeazimwa."

Najma akanitazama mimi. Akamtazama baba yake. Yeye ni mtu wa benki, amezoea watu wawili kuja na maelezo mawili.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Mama Sitara ameshawahi kuyaona meno yako nje ya kinywa chako? Hata siku moja?"

Bwana Abbasi akafuta vidole kwenye kitambaa, kimoja kimoja, taratibu, kama alivyokuwa akifuta sindano. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Halafu akainua macho, si kwa binti yake, kwangu. Nikaona hana barakoa, hana mkono mdomoni, hana pa kukimbilia, na nikaona pia kwamba yale aliyoyasema kwenye simu hakuyatunga ili kumdanganya mtu. Alikuwa akilala akiyatamani, amegeukia ukuta wake, wakati mimi nimeugeukia wangu.

"Ataanza leo," akasema.

Nikadhani sasa ndiyo basi, Najma ataagiza nguo za baba yake zikunjwe. Akachukua simu, akampigia dereva wa bajaji, macho hayajambanduka baba yake.

"Kaka, nenda tu, usinisubiri. Hapana, mzee hatoki." Akaiweka simu mkekani. "Na bakuli, Baba?"

"Tutanunua," nikadakia mimi.

"La bluu," akasema Bwana Abbasi.